Alama za Wamaza

Kasongo, 5 Machi 2024

Mwanangu Aristote,

"Mtoto hawezi kujua hesabu za sehemu Jumatatu, akashindwa kujumlisha kumi na saba na nane Jumanne, kisha Alhamisi akajua tena. Kwa hiyo kuna mtu mzima anayemjibia, na mtu mzima pekee darasani ni mwalimu."

Hayo ni maneno yako, ukurasa wa pili wa ripoti uliyoituma kwa kamati yetu. Nimeyasoma nikiwa nimeketi, nikayasoma nikiwa nimesimama, na sikuona namna ya kuyakubali kwa mkao wowote.

Tuanze na "hawezi". Nani alikuambia? Mimi nilifundisha watoto wewe ukiwa hujajua kufunga kamba za viatu, na sasa nafundisha wale watakaowafundisha. Nimemwona mtoto akisoma ukurasa mzima bila kukwama siku aliyokula, na kesho yake akakwama kwenye jina lake mwenyewe kwa sababu nyumbani kuna msiba. Halafu hiyo "kwa hiyo" yako. Kati ya "mtoto hakujibu peke yake" na "mwalimu alimjibia" kuna mto mzima, nawe umeuruka bila kutazama kama upande wa pili kuna nchi kavu.

Ulipotuletea hizo tablete za projé, mradi unaousimamia, ulituahidi kwamba kila mtoto atapata somo la kimo chake. Akijua, mashine inampandisha, akishindwa, inamshusha, hamngoji mwenzake wala hamcheleweshi mwenzake. Katika kamati nilikuwa peke yangu kunyoosha mkono kupinga, ukacheka, ukawaambia wajumbe, "Mama mudogo anapinga hata mvua." Kweli napinga hata mvua, ikinyesha ndani ya nyumba. Sasa mashine zako za shule ya Wamaza zinaonyesha alama zinazopanda na kushuka kama barabara ya kwenda Kabambare, na badala ya kuishuku mashine umemshuku mtu. Mimi nasema zimeharibika. Joto, vumbi, umeme wa jua unaokatika kila wingu linapopita: kitu gani kisingechanganyikiwa?

Ripoti yako inaomba Mwalimu Élysée aondolewe darasa la sita la Wamaza na jina lake lipelekwe kwa inspekta. Unajua maana yake. Mtu aliyefukuzwa kwa udanganyifu hapati darasa jingine, hapa, Nyangwe wala popote. Kamati itaketi tarehe 28. Élysée alikuwa mwanafunzi wangu, lakini sikuandikii kwa sababu hiyo. Ninao wanafunzi wengine ambao ningekusaidia kuwafukuza.

Ondoa hiyo ripoti.

Mama yako mdogo,
Pascaline

*

Kabambare, 9 Machi 2024

Mama mdogo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mke wangu Yvette amesoma barua yako kwa sauti mezani, tukacheka, kisha hatukucheka tena.

Joto na vumbi: nilifikiria hayo kabla yako. Mwezi uliopita nilichukua tablete zote kumi za Wamaza nikazileta shule ya hapa mjini, na za hapa nikazipeleka Wamaza. Zile zilizokuwa zikiruka-ruka Wamaza zilitulia mara moja, na zile zilizokuwa zimetulia hapa zilianza kuruka-ruka kule. Mashine ni nzima, Mama. Ugonjwa uko darasani.

Kisha nilimpigia simu Élysée siku aliyopanda kilimani kutafuta mtandao. Nikamuuliza waziwazi, "Kaka, ni wewe unayewajibia watoto?" Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Andika unachokiona." Mtu asiye na hatia hasemi hivyo.

Unadhani nafurahia? Mimi na yeye tulikula sahani moja tulipokuwa kwako tukisoma. Lakini shule sita zina mashine hizi, na wenye projé wameshasema kwamba palipo na udanganyifu watazichukua, na si za Wamaza tu. Niwanyang'anye watoto wa shule tano ili kumficha rafiki yangu?

Na neno moja kuhusu upinzani wako. Nilipoanza shule tulikuwa watoto tisini katika chumba kimoja. Mwalimu wangu alilijua jina langu karibu na Pasaka, na alilijua kwa sababu niliugua. Kitu hiki kinamwita kila mtoto kwa jina lake kuanzia asubuhi ya kwanza, na kinajua alipokwama jana. Wewe unaona kioo. Mimi naona mtu ambaye sikumpata.

Ripoti inabaki.

Mwanao,
Aristote

*

Kasongo, 12 Machi 2024

Mwalimu Élysée,

Barua hii inaletwa na Déo, yule wa pikipiki anayeleta mafuta ya mawese. Usimwache arudi mikono mitupu, mpe jibu.

Unashtakiwa kwamba unawajibia watoto kwenye tablete, na ulipoulizwa ulinyamaza. Miaka ile yote uliyokaa darasani kwangu ulibishana nami juu ya kila kitu, hata juu ya rangi ya chaki. Leo wanataka kukunyang'anya kazi ndipo umepata adabu ya kunyamaza?

Nakuuliza swali moja. Je, uliwabonyezea watoto majibu? Niandikie ndiyo au hapana. Nikishapata neno hilo, mengine nitayapigania mimi.

Pascaline

*

Wamaza, 16 Machi 2024

Mama Pascaline,

Nakuamkia kwa heshima. Sisi huku ni wazima. Mvua ni nyingi, na Déo alifika akiwa na matope mpaka kwenye kofia. Amekula, anangoja.

Darasa limejaa wiki hii. Cadette, yule binti wa mama anayepika chakula kwenye machimbo ya dhahabu, amerudi. Alikuwa kule na mama yake tangu baada ya Noeli. Nilidhani tumempoteza, kama tulivyowapoteza wengine. Wenzake walimpokea vizuri sana, na hakuna aliyemcheka kwa kuachwa nyuma.

Kuhusu swali lako: linalotendeka katika darasa langu ni kazi yangu, na kama ni kosa, ni kosa langu. Waandike hivyo. Mimi nina mikono, nina shamba, siwezi kufa njaa.

Ila naomba uniulizie jambo kwenye kamati, bila kusema limetoka kwangu. Kanuni ya tano ya projé inasema mtoto akifungua jina la mwenzake, wote wawili wanafutwa na hawagusi tena tablete. Je, kanuni hiyo inaweza kubadilishwa? Au ikishaandikwa imeandikwa?

Asante kwa vitabu ulivyotuma mwaka jana. Vimeshikwa mpaka vimelainika kama nguo.

Élysée

*

Kasongo, 19 Machi 2024

Aristote,

Kuhusu joto na vumbi, umenishinda. Usinikumbushe tena.

Kuhusu Élysée, ninayo barua yake mezani, na nimemuuliza ndiyo au hapana akanijibu habari za mvua. Lakini mwishoni anauliza kama kanuni ya tano inaweza kubadilishwa. Isome hiyo kanuni, wewe uliyeiandika. Haimhusu mwalimu hata kidogo. Ni ya watoto. Mtu anayetaka kujiokoa huuliza juu ya adhabu yake mwenyewe. Huyu anauliza juu ya adhabu ya wengine, kisha ananyoosha shingo yake ikatwe. Hivi huoni? Kuna kitu watoto wanafanya, naye amesimama mlangoni ili usikione.

Umeandika ripoti ya kurasa nane juu ya darasa ambalo hujakaa ndani yake hata asubuhi moja. Ulipeleka mashine ukarudi; ulizibadilisha ukarudi. Sasa panda pikipiki uende, na lile shati lako la projé uliache nyumbani. Kaa benchi la nyuma. Usiulize kitu mpaka kengele ilie.

Ukikuta mwalimu anajibu, nitatia sahihi ripoti yako kwa mkono wangu, na wewe unajua sitanii.

Mama yako mdogo,
Pascaline

*

Wamaza, 22 Machi 2024

Mama mdogo,

Nimekaa benchi la nyuma. Nakuandikia nikiwa bado hapa, wamekwenda nyumbani.

Darasa lina watoto arobaini, tablete kumi, kwa hiyo wanne kwa kila moja. Kila mtoto ana jina lake ndani, na alitakiwa afanye nusu saa kwa jina lake, kisha ampishe mwenzake. Ndivyo nilivyowaelekeza. Benchi la mbele yangu lilikuwa na Cadette, Naomie, Ushindi na mmoja mnyamavu ambaye sikulishika jina lake. Walipowasha, Naomie akasema kama mtu anayetaja siku ya soko, "Leo iko ya Cadette." Wakafungua jina la Cadette. Wote wanne wakainama juu yake, na hawakulifunga mpaka asubuhi ilipokaribia kwisha.

Swali lilikuwa la shamba: nusu ni muhogo, theluthi ya kilichobaki ni karanga, karanga ni sehemu gani ya shamba lote? Ushindi alitaka kubonyeza. Naomie akampiga kofi mkononi.

"Ngoja. Mwenye shamba hajaelewa."

"Niko najua jibu."

"Wewe unajua. Shamba iko yako?"

Wakapanga punje za mahindi juu ya benchi. Wakazigawa, wakazigawa tena. Cadette akasema, "Rudia, sijashika."

"Ee Cadette," Ushindi akamwambia, "kule machimbo walikuwa wanakulisha mawe?"

"Mawe ya kule iko na bei. Wewe hata ukiuzwa pamoja na kaptula yako hauwezi kuinunua."

Walicheka mpaka nami nikasahau kwamba nimekatazwa kufanya chochote. Kisha Cadette akazipanga punje mwenyewe, akasema jibu kwa maneno yake, wao wakiwa kimya, na yeye mwenyewe akabonyeza. Swali lililofuata, hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa akipita kati ya mabenchi. Hakugusa kioo hata kimoja, Mama. Hakugusa.

Kengele ilipokaribia, Ushindi alifungua jina la Naomie, akapiga majibu bila kusoma, akafunga. Akafungua lake, akapiga, akafunga. Akafungua la yule mnyamavu. Nilishindwa kuvumilia.

"Unafanya nini?"

"Nafungua tu, Shefu. Usipofungua, mashine inakuandika mtoro."

"Naomie, na wewe unakubali? Hilo ni jina lako."

"Leo haiko zamu yangu, Shefu."

"Kumi na saba na nane ni ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Mashine imeandika kwamba hujui."

"Siku hiyo ni Ushindi alibonyeza. Ushindi hasomi, anapiga tu kama ngoma."

Nilipomuuliza Élysée nje, alinionyesha kilima cha pili. Wanawake walikuwa wanapalilia kwa mstari, shamba la mmoja wao. Kesho watapalilia la mwingine. Watoto hawa wamekulia humo, kwenye likilimba, kazi ya kulimiana kwa zamu. Mvua ya kwanza inakuta shamba la kila mtu limelimwa, hata la aliyejifungua, hata la aliyekuwa mgonjwa, ila kila mwenye shamba aliye mzima, siku yake lazima awepo na jembe lake. Tulipowapa tablete moja kwa watu wanne, hawakuuliza itumikeje. Waliona shamba. Élysée aligundua baada ya wiki chache, akasoma kanuni ya tano, akafunga mdomo.

Basi ripoti yangu ni ya uongo, nami ndiye niliyeiandika. Mashine imekuwa ikimpandisha na kumshusha mtoto ambaye hayupo. Siku ya zamu anakuwa vichwa vinne, siku nyingine anakuwa kidole cha Ushindi.

Lakini nisikilize na upande mwingine. Baada ya hapo nilimpeleka Naomie ubaoni peke yake, hesabu ya aina ile ile. Alianza vizuri, akafika katikati, akasimama na chaki. Akageuka kulitazama benchi lake. Benchi likatazama chini, kwa adabu, kwa sababu nilikuwa nimewakataza. Siku ya mtihani wa taifa benchi litakuwa mbali zaidi ya pale. Utaniambia nini juu ya hilo?

Na kanuni ya tano ipo. Nikiandika ninachokijua, Élysée anapona na watoto arobaini wanafutwa. Kwa hiyo nimefikiria hivi: nitaandika kwamba ulisema kweli, mashine zilichanganyikiwa kwa joto na vumbi. Kamati itafurahi, wewe utakuwa umeshinda mbele ya wote, Élysée atabaki, na kuanzia Jumatatu watoto wataacha zamu, kila mmoja na jina lake. Hakuna atakayeumia. Nikubalie.

Mwanao,
Aristote

*

Wamaza, 22 Machi 2024

Mama Pascaline,

Aristote amenisomea barua yake kabla ya kuifunga, nami naongeza karatasi hii.

Nimekubali mpango wake. Kukueleza kweli, kuacha zamu kutaniuma. Naomie mwezi wa kwanza alikuwa hathubutu kushika chaki, na leo alifika katikati mbele ya mgeni. Na Cadette, angekuta wenzake wako mlimani naye yuko bondeni peke yake na kioo chake, angerudi machimbo kabla ya Jumapili. Najua ninachokisema, nimewaona waliorudi.

Lakini bora wawe na tablete bila zamu kuliko wasiwe nazo. Wewe mwenyewe ulisema mashine zimeharibika. Acha ibaki hivyo. Nakuomba.

Élysée

*

Kasongo, 26 Machi 2024

Kwa wajumbe wa kamati ya tablete, Kasongo: Jean-Marie mwenyekiti, Mathilde wa wazazi, Célestine wa walimu, na ninyi wawili mnaowakilisha projé. Nakala kwa Aristote na Élysée, ambao watanikasirikia.

Mtaletewa Alhamisi karatasi inayosema kwamba mashine za Wamaza ziliharibika kwa joto na vumbi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Ni ya uongo. Zilipimwa, ni nzima. Mnanijua: tangu siku ya kwanza nimezipinga mashine hizi, na karatasi hiyo inanipa ushindi bure. Sikupigana nazo ili nipewe ushindi wa zawadi.

Ukweli ni huu. Mwalimu Élysée hakujibu hata swali moja. Watoto wa darasa lake, wote, bila kubakiza hata mmoja, wanasoma kwa zamu kama mama zao wanavyolima. Leo benchi zima linafanya kazi kwa jina la mmoja, kesho la mwingine, na mwenye zamu haondoki mpaka ameeleza mwenyewe na kubonyeza mwenyewe. Majina mengine hufunguliwa kwa haraka ili yasiandikwe utoro. Hicho ndicho mashine ilichokiona kama mtoto anayejua na kusahau. Imetengenezwa kwenda na mtoto mmoja mmoja, na kwa kazi hiyo ni hodari, mwanangu Aristote ananiambia, nami leo sitabishana naye. Haikuambiwa na mtu kwamba kuna mahali watu hawaachani njiani.

Mtaniambia: mtihani wa taifa ni wa mtu mmoja, na benchi halitakuwepo. Ni swali la haki. Mmoja wa watoto hao alipelekwa ubaoni peke yake akakwama katikati. Mimi nasema kwamba mwezi wa kwanza alikuwa hafiki ubaoni. Hiyo nusu aliyoifikia aliipata wapi, kama si kwenye zamu? Nusu iliyobaki aitafute peke yake, ndiyo, na apewe nafasi ya kuitafuta: siku moja katika wiki kila mtoto na jina lake, bila msaada. Siku nyingine mashine iandikiwe jina la benchi. Nimemuuliza Aristote kwa simu kama inawezekana. Akasema kwa mashine jina ni jina, hata ukiiandikia "Benchi la Tatu" itafundisha. Basi iandikieni.

Baadhi yenu mtaona kwamba uongo ule wa joto ulikuwa wa huruma, na kwamba mimi nimewaweka watoto hatarini kwa kiburi cha kusema kweli. Élysée ndivyo atakavyofikiri atakaposoma, na ni mtu mwema kuliko mimi. Lakini tazameni ungetufikisha wapi. Zamu zingekufa kimya kimya, binti fulani angerudi machimbo, na alama za Wamaza zingetulia vizuri, zikatuonyesha kwamba tumefanikiwa. Na mwaka ujao, shule nyingine ambako watoto wamebuni jambo ambalo hatujaliwaza, mwalimu mwingine angeshtakiwa kwa kurasa nane, na angekosa mtu wa kumtuma mtu akakae benchi la nyuma.

Sikutaja hapa mtoto wa kuadhibiwa, na sitamtaja. Mkitaka kuitumia kanuni ya tano, itumieni kwa wote arobaini, kisha mwende wenyewe Wamaza kuzichukua mashine mbele ya mama zao. Mathilde, wewe shamba lako la ng'ambo lilipaliliwa na nani ulipokuwa umelazwa? Nenda ukawaambie wanawake wa kilima kile kwamba watoto wao ni wadanganyifu, halafu urudi utusimulie.

Ninachokitaka ni hiki, na nakitaka Alhamisi, kabla ya chai na kabla ya hotuba ya mwenyekiti. Jean-Marie, soma kanuni ya tano kwa sauti na uifute kwa kura ya wazi. Ninyi wa projé, wekeni majina ya mabenchi ndani ya mashine zile kumi. Kisha wote watano, kwa mkono na si kwa simu, mwandikieni Mwalimu Élysée kwamba hakudanganya na kwamba darasa la sita ni lake, na kila mmoja atie sahihi.

Yangu hii hapa, ni ya kwanza.

Pascaline Muzaliwa